Vipande Viwili Juu ya Kioo Kimoja

Mawifi wako wa kila namna. Yuko wa umbea, yuko wa kuazima nguo na kusahau kurudisha, na yuko yule wa kuonja mboga yako kisha akanyamaza, ukatamani bora angetukana. Msusi alipoolewa na seremala alijiandaa kwa wote hao. Hakujiandaa kwa huyu aliyempata: dada mkubwa wa mumewe, daktari wa maabara, mwanamke mrefu mwenye uso mkavu, ambaye ukoo mzima ulimwita Bado.

Jina hilo hakupewa bure. Ukimuuliza kama wali umeiva atakwambia bado, mpaka aonje punje za juu na za chini. Ukimuuliza kama mlango umefungwa atakwambia bado, mpaka aende mwenyewe akausukume kwa bega. Siku seremala alipomleta mchumba wake nyumbani, mama yao alimvuta binti yake pembeni na kumuuliza amemwonaje huyu msichana. Bado, akajibu, sijamjua. Msusi alikuwa upande wa pili wa pazia, na neno lile alilisikia vizuri sana. Tangu hapo wakawa mawifi wa salamu tu. Walijuliana hali, wakaulizana habari za kazi, wakaagana. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na hakuna aliyemtafuta mwenzake.

Aliyewafanya watafutane ni mtoto.

Kibibi, kama walivyomwita nyumbani, alizaliwa na sauti ya kuamsha mtaa. Haukupita muda macho yakaanza kuingia umanjano. Watu wakasema litapita hilo, mtoeni juani asubuhi. Halikupita. Mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, choo kikapauka kama majivu, tumbo likajaa huku mikono ikikonda. Umri wa kutambaa ulimkuta amekaa palepale alipowekwa, akiwatazama wenzake. Hospitalini wakampima, wakampima tena, na hatimaye daktari wa upasuaji akawaita wazazi na kuwaambia bila kuzunguka kwamba ini la mtoto linakufa. Nyongo haitoki. Anahitaji kipande cha ini la mtu mwingine, na vipimo vinaonyesha la baba yake litafaa.

Seremala alikubali kabla daktari hajamaliza kusema. Hata leo mkitaka, alisema, kana kwamba ameombwa aazime msumeno.

Msusi naye alikubali, angefanyaje. Lakini walipofika nyumbani alijifungia bafuni, akafungulia maji ili asisikike, akalia. Siku moja, vyumba viwili vinavyopakana, mume juu ya meza hii na mtoto juu ya meza ile. Angeweza kuingia hospitali na watu wake wawili na kutoka peke yake. Hilo hakumwambia mtu. Kila alipomsikia mumewe karakanani akipiga randa na kuimba kwa ile sauti yake mbaya, alirudi bafuni akafungulia maji tena.

Aliyeleta neno jipya ni daktari wa watoto, mtu mpole, wa kuongea kana kwamba kuna mtu amelala jirani. Yeye aliona kitu ambacho wote walikipita. Watoto ambao nyongo imewaziba huwashwa, wakifika umri ule hujikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Ngozi ya Kibibi ilikuwa laini tupu. Na damu yake, ambayo ilipaswa kufurika asidi za nyongo zilizokosa pa kutokea, ilikuwa nazo chache mno. Labda, alisema, tunahangaika na bomba lililoziba kumbe maji yenyewe hayajawahi kuja.

Akawaeleza kwa lugha ya jikoni, na msusi alimshukuru kwa hilo. Ini huchukua lehemu, yale mafuta ya mwilini, likayapika hatua kwa hatua mpaka yawe asidi ya nyongo. Kila hatua ina mpishi wake, na mpishi huyo huitwa kimeng'enya. Akikosekana mmoja tu, mapishi hukwama katikati, na vile vilivyopikwa nusu huliunguza jiko lenyewe. Kama hiyo ndiyo shida ya Kibibi, dawa yake si kisu. Dawa ni kumpa ile asidi ikiwa tayari, kwa mdomo, kila siku. Ini likiona ipo huacha kupika uchafu, likapumzika na kupona.

Tatizo lilikuwa kujua. Kupeleka vipimo mbali, kwenye mashine kubwa, kungechukua muda ambao mtoto hana, na wapasuaji walikuwa wameshapanga wiki. Lakini ipo njia ya karibu, daktari akasema. Kipande cha ini la mtoto kikichukuliwa kwa sindano, kuna maabara moja yenye kingamwili ya kumtafuta mpishi huyohuyo. Akalitazama faili, akawatazama wao. Mwenye maabara hiyo, alisema, nadhani ni ndugu yenu.

Bado alikuja saluni mwenyewe. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya mashine ya kukaushia nywele, mkoba juu ya magoti, na wateja waliokuwa wakipiga soga wakashusha sauti kama watoto walioingiliwa na mwalimu. Alikuwa amekuja kueleza atakachofanya, kwa sababu hakupenda mtu asubiri kitu asichokijua.

Msusi alitegemea kusinzia. Badala yake alijikuta amesimama na chanuo mkononi, kichwa cha mteja amekisahau. Wifi yake alimweleza kwamba mwili ukiingiliwa na kitu kigeni hutengeneza walinzi wa kukijua kitu hicho na hicho tu. Sungura alichanjwa kijisehemu kidogo cha kile kimeng'enya, mwili wake ukatengeneza walinzi, na walinzi hao ndio hizo kingamwili zilizomo kwenye vichupa vyake, kila kichupa kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Ukidondosha tone lake juu ya ini lililokatwa jembamba, kingamwili inapita kila kitu bila kukitazama, vitu maelfu kwa maelfu, inamwendea yule mmoja, inamshika na haimwachii hata ukiiosha. Kisha unaweka rangi inayoishika kingamwili. Palipo na mpishi panakuwa kahawia. Asipokuwepo, pote panabaki bluu.

Alizungumza hayo kwa uso uleule mkavu, ila mikono ilikuwa imetoka kwenye mkoba na ilikuwa inacheza hewani. Huyu mtu anapenda kazi yake, msusi aliwaza, na jambo hilo lilimshangaza, maana hakuwahi kumwona wifi yake akipenda kitu.

Kwenye kila kioo, Bado aliendelea, anaweka vipande viwili, cha mgonjwa na cha ini zima. Kipande kikibaki bluu huenda mpishi hayupo, lakini huenda pia kingamwili yenyewe imeharibika. Kile cha ini zima kikikolea kahawia, basi kingamwili ina nguvu zake. Msusi akacheka, akasema hata yeye hampaki mteja rangi kichwa kizima kabla ya kuijaribu kwenye shungi moja. Bado akamtazama kidogo. Ndivyo hivyohivyo, alisema, akaaga.

Basi wakachomwa sindano, mtoto na baba, siku moja. Mtoto kwa ajili ya kipimo hiki, baba kwa sababu wapasuaji walitaka kuhakikisha kwamba ini watakalolikata ni zima. Kila kipande kilikuwa chembamba na kifupi, mfano wa uzi uliobaki baada ya kushona kifungo. Vikatumbukizwa kila kimoja kwenye chupa yake ya formalini, ile dawa kali ya kuhifadhi nyama isioze, vikisubiri mashine ya kuvigandisha kwenye nta ili vikatike. Mashine ikaharibika. Fundi alikuwa njiani, kisha alikuwa bado yuko njiani, na alipofika alihitaji kifaa ambacho nacho kilikuwa njiani. Vipande vikalowa kwenye formalini muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, na kwa jinsi kila mtu alivyokuwa na roho juu, hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo.

Simu ilipolia msusi alikuwa katikati ya kichwa. Akaibana kwa bega.

"Wifi," sauti ya Bado ilisema, na ilikuwa na kitu ndani yake, kama mtu aliyepanda ngazi mbio. "Hakipo. Kile kimeng'enya hakipo kabisa. Cha ini zima kimekolea, cha Kibibi hamna kitu."

Msusi akakaa sakafuni, juu ya nywele zilizokatwa. Mteja mwenyewe ndiye aliyemwinua. Jioni ile nyumba ilijaa watu na vicheko. Seremala alijipigapiga tumbo na kumwambia kila aliyeingia kwamba ini lake limepata msamaha. Mama mkwe alimbeba Kibibi akazunguka naye sebuleni, akimwambia kwamba shangazi yake ni mtu na nusu. Msusi alikula, akashiba, akalala fofofo, jambo ambalo hakulifanya muda mrefu.

Asubuhi Bado akaja. Walimkaribisha kwa shangwe, na yeye akabaki amesimama karibu na mlango. Nguo zilikuwa za jana. Mama yake alimvutia kiti, hakukaa.

"Nimekuja kuyarudisha maneno yangu," alisema. "Jana nilisema kama shangazi. Sikusema kama daktari."

Kisha akaeleza, na hakujipunguzia. Nyama ikilowa mno kwenye formalini hukaza, na vilivyomo ndani hujikunja vikajificha, hata kingamwili ikipita juu haivioni. Kile kipande cha ini zima alichokitumia kilikuwa cha akiba ya maabara, kilihifadhiwa vizuri, hakikupata mateso hayo. Kukolea kwake kulithibitisha kwamba kingamwili ni nzima. Hakukuthibitisha chochote kuhusu nyama ya Kibibi. Alilijua hilo tangu jana, ni jambo la kwanza analowafundisha wanafunzi wake, na jana lilimtoka kichwani kwa furaha. Alipofika nyumbani likamrudia, akageuza njia, akarudi maabara. Akatafuta ini zima lililoteswa sawasawa na la mtoto. Likawepo moja tu. La kaka yake, lililotoka siku ileile na kulowa muda uleule. Akaliweka pembeni ya la mtoto, juu ya kioo kimoja.

"Na?" seremala akauliza.

"Lako nalo limebaki bluu tupu. Na wewe ini lako ni zima."

Maana yake, alisema Bado, kipimo cha jana hakijasema ndiyo wala hapana, na upasuaji unabaki palepale wiki hii mpaka yeye apate jibu la kweli.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kubisha. Alitaka kujua ni kwa nini asiandike tu kwamba hakipo, maana huenda kweli hakipo, mtoto akapewa dawa, mwanawe naye akaachwa na tumbo lake. Bado alimjibu mama yake polepole. Akiandika hakipo na kumbe kipo, watasimamisha upasuaji, watampa mtoto dawa isiyomhusu, na ini litaendelea kufa huku wote wamekaa wanatabasamu. Watakapogundua, hakutakuwa na mtoto wa kumpasua.

Maneno hayo yalikuwa ya haki, na msusi aliijua haki yake, na ndiyo maana yalimkata maini. Alimchukia wifi yake asubuhi ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Ungekaa kimya basi tangu jana, alimwambia. Bado alipokea hilo bila kujitetea, akaweka mkoba begani, akarudi kazini.

Siku moja kabla ya upasuaji, seremala ameshalazwa na Kibibi yuko wodini na bibi yake, msusi alikwenda maabara kugombana. Njia nzima alipanga maneno. Angeanza na lile la pazia, la bado sijamjua, kisha angeshuka taratibu mpaka kwenye simu ile. Alikuwa na hoja nzuri, na zilikuwa zimekolea chumvi.

Mlango ulikuwa na kioo nusu yake ya juu, na alipofika akamwona wifi yake kabla wifi yake hajamwona. Alikuwa ameinama kwenye mashine ndogo yenye wembe, inayofanana na ile ya kukatia nyama buchani, ila yeye aliizungusha kama anayembembeleza mtu. Kila mzunguko ulitoa utepe wa nta mwembamba wa kupitisha mwanga. Akaunyanyua kwa brashi yenye nywele chache, akaulaza juu ya maji ya vuguvugu, ukajinyoosha wenyewe. Akauchota kwa kioo. Hakupumua mpaka ulipokaa.

Msaidizi wa maabara alimfungulia msusi, akamnong'oneza ampe nafasi. Akamweleza hali. Ili vilivyojikunja vikunjuke, vipande huchemshwa kwenye maji yenye dawa, ndani ya sufuria ya presha kama ya jikoni kwa mtu yeyote. Ini lililokaza kama lile lilihitaji kuchemshwa zaidi ya kawaida, na jana walijaribu. Cha baba kilistahimili. Cha mtoto kilibanduka kwenye kioo, wakafunua sufuria na kukikuta kinaelea. Kwenye nta kilibaki kidogo sana. Hiki anachokikata sasa ndicho cha mwisho chenye maana, na kuna vioo viwili tu vitakavyotoka humo.

Msusi akakaa kwenye stuli. Maneno aliyoyapanga yalibaki tumboni, na kadiri alivyotazama yaliendelea kupungua. Bado alivikausha vioo kwenye joto dogo kwa muda mrefu ili vipande vishike. Aliweka moto, akausikiliza mlio wa presha, akaupunguza, akausikiliza tena. Hakuketi. Alipofunua, mvuke ukamfunika uso, na mkono wake ukaingia na koleo ukatoka na kioo cha kwanza, kisha cha pili. Vipande vinne, cha baba na cha mtoto kwenye kila kioo, vyote mahali pake. Alifumba macho mara moja, akafumbua, akaendelea.

Akatoa kichupa kwenye friji. Akakipasha joto kwa kiganja, akadondosha tone moja juu ya kila kipande cha kioo cha kwanza. Cha pili akakipa kingamwili nyingine, ya kumtafuta mpishi mwingine ambaye kila ini linaye, la mgonjwa na la mzima, ili ijulikane kama nyama ya mtoto bado inaweza kusema chochote. Kisha ni kusubiri, kuosha, kusubiri, kuweka rangi, kuosha. Wakati wa kusubiri alimletea msusi maji ya kunywa, akarudi kusimama mbele ya vioo. Msusi alimtazama mgongo, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba mgongo ule umebeba watu walewale aliowabeba yeye. Kaka mmoja, mtoto mmoja wa kaka. Akikosea upande huu anamkata ndugu yake bure. Akikosea upande ule anamzika binti yake, maana kwa shangazi mtoto wa kaka ni mtoto wake. Na kati ya watu wote wa mji mzima, ni yeye aliyekwenda kuwanyang'anya ndugu zake furaha waliyokwisha kuila, ile aliyowaletea mwenyewe kwa mikono yake, wakati angeweza kukaa kimya na asijulikane milele. Msusi alijiuliza kama yeye angeweza. Hakupata jibu la kujipendezea.

Vioo vilipokuwa tayari, Bado hakuvitazama. Alibandika karatasi ya kuficha majina, akavichanganya, akampigia simu daktari mmoja mstaafu aliyekuwa mwalimu wake. Mzee huyo alikuja na miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani.

"Nisomee wewe," Bado akamwambia. "Macho yangu leo ni ya shangazi, hayafai."

Mzee akakaa kwenye hadubini. Alisogeza kioo huku na huku, akanung'unika, akabadilisha miwani, akarudia. Bado alisimama ameukamata mgongo wa kiti cha mzee kwa mikono miwili, na vidole vilikuwa vimepauka. Kioo cha kwanza, mzee alisema mwishowe, kipande cha kulia kimekolea kahawia kila mahali, cha kupendeza. Cha kushoto hakuna hata chembe. Bado akamuuliza kama cha kushoto kimeungua, au kimekunjika, au kimebanduka pembeni. Mzee akasema hapana, kimelala vizuri kabisa. Akaweka kioo cha pili. Hapa, alisema, vyote viwili vina rangi, na vyote viwili vimekolea.

Bado akabandua karatasi kwa kucha. Kulia ini la baba. Kushoto ini la mtoto.

Alimshika msusi mkono, akamkalisha kwenye hadubini, akamwonyesha pa kuweka jicho. Msusi aliona duara la mwanga, na ndani yake viseli vilivyopangana, vyote vina rangi ya kahawia, nzito, iliyoiva. Huyo ni mumeo, sauti ikasema sikioni mwake. Kisha kioo kikasogezwa, ukapita uwazi mweupe, na upande wa pili viseli vilevile, mpangilio uleule ila umechoka na umevurugika, na vyote ni bluu, bluu mpaka ukingoni. Kukosa rangi kwa kipande kile ndiko kulikokuwa uzima wa mwanawe. Alitazama mpaka machozi yakaloanisha jicho la hadubini, mzee akalazimika kulifuta kwa kitambaa.

Alipogeuka kumtafuta wifi yake alimkuta kwenye karo, amekipa chumba mgongo, anaisugua sufuria ya presha ambayo haikuwa na uchafu wowote. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Msusi akaenda akasimama pembeni yake, akachukua kitambaa, akaipokea sufuria na kuikausha. Wifi, alisema, nisamehe, nilikuja hapa kukutukana. Bado akajibu kwamba alimwona tangu mlangoni na alijua, na kama asingekuwa na kipande mkononi angemkaribisha aanze.

Upasuaji ulisimamishwa jioni hiyohiyo. Daktari wa watoto alianza dawa, unga wa kuchanganywa kwenye maziwa, na Kibibi aliunywa amekunja uso kama mzee aliyedhulumiwa. Haikuwa kama kuwasha taa. Kwanza vipimo vya damu vikaanza kusoma vizuri, kisha usingizi ukatulia, kisha asubuhi moja choo kikatoka na rangi ya kahawia ya watu wote. Mama mkwe aliibeba ile nepi akapita nayo mpaka kwa jirani, akamwonyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Jirani alisifia, angefanyaje. Macho ndiyo yaliyochelewa kusafika, lakini yalisafika. Na saluni, mteja akimsema wifi yake vibaya, msusi humsikiliza mpaka mwisho, kisha humweleza habari za Bado, kwa kirefu, mpaka mwenye kichwa anaomba kwenda nyumbani.

Mtu mmoja tu hakuwa sawa. Seremala alifurahi kama wote, akarudi kwenye randa yake, lakini kuimba kuliadimika. Msusi alimwacha, akidhani ni uchovu. Jumapili moja Kibibi, ambaye sasa alikuwa anatambaa kwa hasira ya kulipiza muda uliopotea, aliingia karakanani na kujikalia kwenye takataka za mbao. Baba yake alizima mashine, akabaki anamtazama.

Akasema, bila kumgeukia mkewe, kwamba alikuwa amejiandaa. Alilala pale wodini ameshanyolewa tumbo, ameshapigwa mistari ya kalamu pa kukatwa, na hakuogopa, kwa sababu alijua anakwenda kumpa mwanawe kitu ambacho hakuna mwingine wa kumpa. Kisha wakaja kumwambia avae nguo aende nyumbani. Anamshukuru Mungu, hakatai. Ila mtoto amepona kwa unga wa kopo, dada yake kaumiza mgongo, mkewe kalia machozi yote, na yeye baba mtu hakutoa chochote.

Msusi aliinama akashika uzi uliokuwa umening'inia kwenye pindo la nguo ya mtoto, akaukata kwa meno, akamwekea mumewe kiganjani. Alimwuliza kama anakumbuka ile sindano.

"Bila kipande chako, cha kwake kisingeaminiwa na mtu," alimwambia. "Ulikuwa umekaa pembeni yake, juu ya kioo kimoja. Nilikuona."